Uwanja wa Shabaha Wahitaji Ardhi, na Ardhi Ina Wenyewe

Hapana askari, awe wa jeshi au wa polisi, asiyejua kwamba bunduki haijifunzwi ubaoni. Mkufunzi aweza kuchora mstari wa macho, akaeleza kitako kinavyokaa begani na pumzi inavyoshikwa kabla ya kufyatua, na makuruta wakaitikia "ndiyo, afande" kwa sauti moja. Lakini mpaka watakapolala kifudifudi katika vumbi, mita mia moja kutoka kwenye shabaha, na kulisikia bega likipigwa, watakuwa wamejifunza maneno tu. Kwa sababu hiyo kila kikosi kinahitaji uwanja wa shabaha, ule ambao wengi wetu huuita renji, na kila renji inahitaji ardhi. Ni juu ya ardhi hiyo tunataka kusema leo, na hasa ardhi ya kusini-magharibi ya Uganda, kutoka Mbarara kuteremka mpaka Nakivale.

Mbarara imekuwa mji wa askari tangu zamani. Leo hii makao ya Divisheni ya Pili ya Jeshi letu yako Makenke, na Mbarara yenyewe ilipandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020. Jiji likikua, nyumba hufuata barabara, shule hufuata nyumba, na maduka hufuata shule, mpaka mahali palipokuwa malisho ya ng'ombe panakuwa na vibaraza vya watu. Jambo hili si baya. Lakini risasi haina habari na mipango ya jiji. Bunduki ya AK-47, ambayo sisi sote tumeibeba, hulenga kwa uhakika katika mita mia chache tu. Mtutu ukiinuliwa kwa bahati mbaya, risasi yake yaweza kuruka mpaka karibu kilometa 3. Bunduki ya rashasha ya PK hupita hapo. Kwa hiyo uwanja wenye mistari ya mita 300 unadai nyuma yake kilima kirefu au nchi ndefu isiyo na mtu, na yeyote anayepima uwanja kwa kutazama shabaha tu, bila ya kutazama kilichoko nyuma ya shabaha, hajapima kitu.

Ndiyo maana, kila linapozungumzwa suala la viwanja vipya vya mafunzo, vidole vya wengi huelekea mashambani. Katika upande wetu huelekea wilaya ya Isingiro, iliyotengwa na Mbarara mwaka 2005: vilima vya nyasi, mabonde makavu, miti ya migunga iliyotawanyika, na barabara ya vumbi iendayo Nakivale. Mtu akipita pale kwa gari la jeshi, vioo vikiwa vimefungwa kwa ajili ya vumbi, hudhani kwamba ile ni nchi tupu. Sisi tunasema si tupu, na dhana hiyo ndiyo hatari ya kwanza.

Tuanze na watu. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na yakatambuliwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika. Leo yana zaidi ya watu laki moja na nusu, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na Eritrea, katika eneo lisilofika kilometa za mraba 200, pamoja na wananchi wa Uganda wanaolima na kuchunga kandokando yake. Mkimbizi katika nchi yetu hafungiwi nyuma ya seng'enge. Hupewa kiwanja ajenge na alime. Watu walipoongezeka, viwanja vikapungua. Aidha, tangu mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipowagawa wakimbizi katika mafungu na kuwapunguzia wengi posho, kila kipande cha udongo kimezidi kuwa na thamani, na kila mti umezidi kutazamwa kama gunia la mkaa. Mipaka kati ya makazi na wenyeji imekuwa na ugomvi kwa miaka mingi. Atakayekwenda kupiga kigingi cha uwanja wa shabaha katikati ya ugomvi huo, hata kwa nia njema, atakuwa ameingia upande wa kesi pasipo kuitwa.

Tena kuna sauti. Sisi askari tumezoea mlio wa bunduki, na aghalabu hatuusikii tena; ni kama mpishi asivyosikia tena harufu ya vitunguu. Lakini mama aliyetoka Kivu na watoto wake hakutembea mpaka Uganda kwa ajili ya ukame. Alitembea kwa sababu ya mlio huohuo. Mlio wa kwanza wa asubuhi utakapopita juu ya bonde, hatauliza kama ni zoezi; atakusanya watoto. Nao Wasomali wa pale, je, wana haja ya kuelezwa mlio wa AK ni nini? Kuwapa watu hifadhi na kisha kuwaamsha kwa kile walichokikimbia ni jambo lisilolingana na heshima ya nchi inayosifiwa kwa kuwapokea wakimbizi. Hatutaki uwanja wa shabaha uwe mahali ambapo mlio wake unaifikia Nakivale, na kwa hili hatuoni nafasi ya majadiliano.

Baada ya watu, maji. Mto Rwizi hutoka katika milima ya Buhweju, hupita Mbarara na kuinywesha, kisha huingia katika mfululizo wa maziwa na vinamasi, Mburo na Nakivale yakiwamo, kabla ya maji hayo kuishia Ziwa Viktoria. Mwaka 2006 maziwa hayo na vinamasi vyake viliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima. Korongo mwenye taji, yule tunayempigia saluti katikati ya bendera yetu, hutaga mayai katika majani ya vinamasi kama vile. Lakini Rwizi umekonda. Kingo zake zimelimwa mpaka majini, mchanga umechimbwa, na udongo wa vilima unateremka kila mvua ya masika. Sheria inaweka mita 100 za hifadhi kila upande wa mto huo. Askari anayeona haya kuchukua hatua moja nje ya mstari wa gwaride asione ni jambo dogo kuchukua hatua kumi ndani ya mita hizo.

Tukitaja ardhi ya sehemu zile, hatuwezi kuruka historia yake, kwa maana bunduki ya serikali ilikwisha kuitembelea. Katika miaka ya 1950 na 1960, ili kumwondoa mbung'o katika malisho ya Ankole, waliajiriwa wawindaji wakaua wanyama wa porini kwa wingi, na vichaka vikafyekwa, ili mdudu akose damu ya kunywa na kivuli cha kukaa. Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1963 eneo la Mburo likafanywa pori la akiba, na mwaka 1983 likatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Watu waliokuwa wakiishi humo waliondolewa, wengi wao pasipo fidia wala mahali pa kwenda. Matokeo yake yanajulikana. Serikali ya wakati ule ilipoanguka mwaka 1985, wenyeji walirudi kwa hasira, wakabomoa majengo ya hifadhi na kuwaua wanyama, wakisema kwamba maadamu mnyama ndiye sababu ya kufukuzwa, basi asiwepo mnyama. Mwaka 1987 hifadhi ikapunguzwa sehemu kubwa ya eneo lake ili watu wapate pa kukaa. Swala pala na punda milia tunaowaona leo ni masalia ya ugomvi huo.

Tunaikumbusha habari hii kwa askari wenzetu kwa sababu moja. Uhifadhi wa ardhi uliofanywa kwa amri na gari la kubebea watu ulidumu miaka miwili tu. Uwanja wa shabaha utakaowekwa kwa njia ileile hautadumu zaidi, hata ukizungushiwa walinzi.

Jirani zetu wa Kenya nao wana la kutufundisha. Kwa miaka mingi jeshi la Uingereza limefanya mazoezi katika nchi ya wafugaji wa Kaskazini, huko Dol Dol na Archers Post. Mabomu ambayo hayakulipuka yalibaki katika nyasi, na wachungaji, wengi wao watoto, waliyaokota, wakafa au wakakatika viungo. Mwaka 2002 wizara ya ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa paundi milioni 4.5 kwa wadai 228. Ungedhani kwamba somo limeingia. Mwezi Machi 2021 moto ulizuka wakati wa mazoezi huko Lolldaiga, karibu na Nanyuki, ukateketeza maelfu ya ekari za malisho na pori. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2025 fedha zikakubaliwa tena kulipwa kwa maelfu ya wananchi. Jeshi tajiri laweza kulipa. Sisi fedha za namna hiyo hatunazo, na kwa kweli hata tungekuwa nazo, mguu wa mtoto haurudishwi na hundi.

Lakini haingekuwa haki kusema kwamba uwanja wa jeshi ni adui wa ardhi siku zote. Huko Uingereza kwenyewe, jeshi lilianza kununua uwanda wa Salisbury mwaka 1897, na leo linashika hekta zipatazo 38,000. Kwa kuwa hapakulimwa kwa trekta wala kutiwa mbolea za viwandani, nyasi za asili zilizotoweka mahali pengine zimebaki pale, pamoja na ndege na vipepeo wake, na wataalamu wa viumbe huenda kuzisoma katikati ya alama za vifaru. Hata hivyo tusiisimulie hadithi hii nusu. Katika uwanda huo kuna kijiji, Imber, ambacho watu wake waliambiwa mwaka 1943 waondoke ili majeshi yafanye mazoezi. Hawakuruhusiwa kurudi kuishi humo mpaka leo. Nyasi zimehifadhiwa, kijiji kimekufa. Sisi tunazitaka nyasi, na kijiji tunakitaka kiwe hai.

Je, yawezekana? Tunaamini yawezekana, ila kazi ianze kabla ya tingatinga kufika.

Kwanza kabisa tupunguze haja yenyewe. Si kila zoezi linadai vilima. Polisi aghalabu hupiga kwa bastola katika mita 10, 15 au 25, na zoezi hilo laweza kufanywa katika uwanja mdogo wenye kuta nene na paa la kuzuia risasi iliyopotea, ndani ya kambi, bila ya kuchukua ekari ya mtu. Tena polisi ndiye mwenye haja kubwa zaidi, maana yeye hubeba silaha katikati ya wananchi, sokoni na kwenye mikutano. Askari polisi anayepiga shabaha mara moja kwa miaka miwili ni hatari kwa wapita njia kuliko kwa mhalifu. Afadhali viwanja vidogo vingi vinavyotumika kila mwezi kuliko kiwanja kimoja kikubwa kinachotembelewa na wageni wa heshima. Kulenga bila ya risasi, kupokea na kubadili magazini, kulala na kuinuka, haya yote hufanywa uani. Nayo mabomu ya mkono, mizinga na makombora yasipigwe kabisa katika uwanja wa mashambani ulio karibu na wafugaji. Yana viwanja vyake vikubwa.

Pili, mahali. Patafutwe ardhi ambayo tayari ni ya serikali na isiyogombaniwa, yenye kilima upande wa kupigia, mbali na mto, mbali na kinamasi, na mbali na Nakivale kwa kadiri tuliyoieleza. Kamanda hana mamlaka ya kuchagua kilima kwa kidole. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 26, inasema mali ya mtu haichukuliwi pasipo fidia ya haki iliyotolewa kwanza, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 inadai uchunguzi wa athari kabla ya miradi ya namna hiyo. Wako wanaoona kwamba taratibu hizi ni za wenye makoti na mikoba, zisizomhusu mtu wa kombati. Tuwajibu kwa Katiba hiyohiyo, ibara ya 209, inayolitaka Jeshi lijenge maelewano kati yake na raia. Na tuwajibu pia kwa lugha ya kazi: mfugaji ambaye ng'ombe wake amekufa kwa sababu yetu hatakuja kituoni kutuambia wezi wa mifugo walipita wapi.

Ng'ombe kufa kwa sababu ya renji, jambo hilo wengi hawalijui, na hapa tunaomba subira ya msomaji. Lugha yetu ina neno moja kwa kile kinachoruka na kwa madini yaliyomo ndani yake: risasi. Risasi ya bastola ya milimita 9 aghalabu ina moyo wa madini hayo. Ile ya AK ina chuma katikati, nacho kimezungushiwa tabaka la risasi. Kila moja ya AK ina uzito wa takriban gramu 8. Kikosi cha askari 100, kila mmoja akipiga 30, kimeacha katika tuta kilo 24 za metali kwa asubuhi moja. Vipande hivyo hukaa katika udongo, na udongo ukiwa na asidi, mvua huviyeyusha kidogo kidogo na kuvipeleka bondeni. Madini ya risasi ni sumu, nayo huwadhuru watoto zaidi, katika akili na damu. Ng'ombe naye hupenda kulamba udongo wenye chumvi chumvi, na ni mnyama dhaifu mno mbele ya sumu hii. Sasa mfikirie ng'ombe wa Ankole, mwenye pembe zile ndefu, ameteremka jioni kulamba tuta letu.

Dawa yake si ngumu, wala si ya gharama ya kutisha. Tuta lijengwe kwa udongo mlaini usio na mawe, ili risasi izame isiruke upande. Lipandwe nyasi za hapahapa ili mvua isilimomonyoe. Chokaa ichanganywe katika udongo kupunguza asidi. Mfereji uchimbwe chini ya tuta, maji yaishie katika shimo la kutulizia mchanga, yasiende mtoni. Kila baada ya muda udongo wa mbele uchekechwe, metali ikusanywe, ipimwe na iondolewe. Maganda ya shaba yahesabiwe kabla askari hawajapanda lori, si kwa ajili ya nidhamu ya ghala tu, bali kwa sababu mtoto mwenye njaa anajua bei ya chuma chakavu, na akizoea kuokota ganda leo, kesho ataokota kitu kisichopasa kuokotwa.

Moto nao. Kiangazi cha Juni mpaka Agosti nyasi za Isingiro huwa kama karatasi. Risasi za kuacha mwanga zisitumike miezi hiyo. Njia ya kuzuia moto ifyekwe kuzunguka uwanja. Na siku zote za zoezi pawepo kikundi chenye maji na matawi, ambacho hakipigi shabaha siku hiyo. Kupika pia kuwe na mahali pake palipofyekwa, hata kama ni chai ya afande.

Lililobaki ni jirani. Eneo la usalama nyuma na pembeni ya uwanja, ambalo halilimwi wala halijengwi, laweza kuwa hazina ya pande zote mbili. Siku ambazo hakuna zoezi, wenyeji na wakimbizi wakate humo nyasi za kuezekea na za kulishia mifugo, kwa zamu na kwa majina yaliyoandikwa. Migunga iachwe, mikaratusi isipandwe mabondeni, kwa kuwa hunywa maji kuliko mgeni wa arusi. Mizinga iwekwe kando ya pori, tena tunasema mizinga ya nyuki, wenzetu wa kikosi cha mizinga watusamehe. Vijana wanaojua njia za mbuzi za vilima vile waajiriwe kuwa walinzi wa mpaka na wapandishaji wa bendera nyekundu. Hakuna kuruta kutoka wilaya nyingine atakayewashinda kwa hilo.

Na wote waambiwe. Ratiba ya mwezi itangazwe kwa wenyeviti wa vijiji, makanisani na misikitini, na zoezi lisiangukie siku za mnada. Vibao vya hatari viandikwe kwa Kinyankole, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kiswahili, pamoja na picha kwa asiyesoma. Inafaa kutaja hapa kwamba Kiswahili, ambacho wazee wengi wa Uganda walikiogopa kwa sababu walikisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki, huko Nakivale ni lugha ya sokoni na ya majirani. Mbarara iliyoona mashambulizi ya Septemba 1972 na kubomolewa katika vita vya 1979 ina haki ya kukisikia tena kwa namna nyingine: askari amesimama barazani bila ya silaha, akitaja siku na saa, kisha akiulizwa maswali.

Katika mkutano wa namna hiyo swali gumu litakuwa moja: nani atajua kama ahadi zinatimizwa? Tunapendekeza kiwepo kitabu. Kiandikwe tarehe ya kila zoezi, idadi ya risasi zilizopigwa, maganda yaliyorudi, kilo za metali zilizochekechwa, na majibu ya maji ya kisima cha chini ya uwanja yanapopimwa. Nakala moja ikae kambini kwa mkuu wa uwanja. Nakala ya pili ikae katika ofisi ya wilaya, Isingiro, mahali ambapo mchungaji au mkimbizi aweza kuingia na kuomba asomewe.